Miaka Mitano Isiyokuwa na Bingwa

Katika kabati langu la vitabu, hapa Morogoro, kuna kijitabu chembamba chenye jalada la kijani ambalo mende wamekwisha kulitafuna pembe zote. Ni kijitabu cha kanuni za badminton, mchezo ambao sisi tuliuita mpira wa vinyoya. Ninacho kwa zaidi ya miaka hamsini sasa. Wanangu hunicheka kwa kukitunza, maana sikuwahi kuwa mchezaji wa maana, na kanuni zilizomo zimekwisha kupitwa. Tangu mwaka 2006 hata hesabu ya pointi si ile tena. Lakini sikukitunza kwa ajili ya kanuni. Nimekitunza kwa ajili ya kurasa za nyuma, zenye orodha ya mabingwa, na hasa kwa ajili ya mahali katika orodha ile ambapo hapana jina la mtu yeyote.

Nililetwa mjini kutoka Mgeta mwaka 1953, nikiwa na umri wa miaka tisa. Huko mlimani wakati ule watu walikuwa wakichimba matuta kwa amri ya serikali. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1950, na kila mwenye nguvu alitakiwa kukata matuta ya ngazi katika shamba lake, apende asipende, ardhi ifae isifae, mpaka ghasia za Matombo za mwaka 1955 zilipoukatiza. Mama yangu aliona heri mtoto wake mmoja apate shule, akanikabidhi kwa kaka yake. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo sikupelekwa kwa mjomba kama mgeni. Nilirudishwa kwa mwenyewe.

Mjomba alikuwa boi katika klabu moja ya Wazungu. Asubuhi nilikwenda shule, jioni nikamfuata kazini ili nile makombo ya jikoni na kumsaidia kuosha bilauri. Klabu ilikuwa na ukumbi wenye sakafu ya mbao, na jioni mbili kwa juma walifunga wavu katikati wakacheza mpira wa vinyoya. Milango na madirisha ya upande wa mlima yalifungwa, joto likiwa joto namna gani. Mkaaji wa Morogoro hahitaji kuelezwa sababu. Jua likishaanguka, upepo hushuka kutoka Lupanga, mwepesi, wa kupendeza kwa aliyeketi barazani, lakini kinyoya hakiuwezi hata kidogo. Kile kitu kina uzito wa gramu tano hivi, kama kijiko kimoja cha chai cha sukari. Manyoya kumi na sita ya bata bukini yamechomekwa katika kizibo kilichovishwa ngozi, basi. Ukikipiga kwa nguvu zako zote kinaondoka kama risasi, kisha kinachoka ghafla hewani kama mtu aliyekumbuka jambo, kinaanguka.

Najua ni kumi na sita kwa sababu niliyahesabu. Kinyoya kilichovunjika unyoya mmoja au miwili kilitupwa nje, nami nilikaa chini ya dirisha kuviokota. Sikuwahi kuambiwa kwamba siruhusiwi kuingia na kucheza. Hapakuwa na haja ya kuniambia.

Vinyoya vile nilivipeleka kwa rafiki yangu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Yeye alikuwa na raketi mbili zilizokatika nyuzi, na ujuzi alioupata katika ukumbi wa jumuiya yao, ambako Wahindi walicheza mchezo huu kwa bidii kuliko Wazungu wa klabu. Uani kwa baba yake tulifunga kamba ya katani kati ya mwembe na nguzo ya choo. Vinyoya vya bata bukini vilipokwisha tulichomeka manyoya ya kuku katika kipande cha gunzi la muhindi. Kiliruka vibaya, lakini kiliruka. Tulicheza mchana wa jua kali, saa nane au saa tisa, kabla upepo wa mlima haujaamka, na mama yake alikuwa akituambia kwamba tutakufa kwa jua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tayari sheria ya mwaka 1971 ilipotaifisha majumba ya kupangisha. Jengo la baba yake lilikuwa moja katika yale yaliyochukuliwa. Mwaka uliofuata walihama nchi. Alikuja kwangu jioni moja na kifurushi kidogo: raketi moja nzima na kile kijitabu cha kijani. Alisema, “Wewe ndiye unayependa mambo ya kale, bwana. Humu mna majina ya watu waliokufa.” Hatukuzungumza juu ya jengo. Tulizungumza juu ya kinyoya cha gunzi.

Hivyo ndivyo orodha ya mabingwa wa Uingereza ilivyofika katika nyumba ya mwalimu wa Kiluguru.

Msomaji asiyeujua mchezo huu avumilie kidogo. Jina lake limetokana na Badminton House, kasri la ukoo wa makabaila wa Beaufort katika mkoa wa Gloucestershire. Lakini mchezo wenyewe ulikomaa India, mikononi mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza, hasa katika mji wa Poona, ambao leo unaitwa Pune. Huko ndiko kanuni zake zilikoanza kuandikwa katika miaka ya 1870. Maofisa waliporudi kwao waliurudisha pamoja na masanduku yao. Mwaka 1893 vilabu kumi na vinne viliungana kuunda chama, na tarehe 4 Aprili 1899 yakafanyika London mashindano ya kwanza ya All England. Yalikuwa ya siku moja tu, tena ya wawili wawili: wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na mwanamume na mwanamke pamoja. Mashindano ya mmoja mmoja yaliongezwa mwaka 1900.

Wanawake walikuwamo tangu siku ya kwanza. Jambo hili lilinishangaza mimi niliyefundisha shule ambazo wasichana walifagia uwanja ili wavulana wacheze. Bingwa wa kwanza wa mmoja mmoja kwa wanawake alikuwa Ethel Thomson, na kwa miaka mingi yeye na Meriel Lucas walipokezana taji kama watu wanaopokezana mtungi njiani. Thomson, akiwa ameolewa na kuitwa Bibi Larcombe, alikwenda kushinda tenisi ya Wimbledon mwaka 1912.

Kiwanja nacho kilikuwa na umbo la ajabu. Mpaka mwaka 1901 kilikuwa kipana kwenye ncha na chembamba katikati, penye wavu, kama kiuno cha nyigu. Husimuliwa kwamba chumba walichochezea watu wa mwanzo kilikuwa na milango miwili iliyofunguka kwa ndani, mmoja kila ubavu, basi wakauchora mstari kuikwepa. Iwe kweli isiwe kweli, nimeipenda hadithi hiyo, kwa kuwa sisi tuliuchora uwanja wetu tukaukwepesha tanuri la mama yake rafiki yangu.

Kumbi nazo nimezifuatilia kadiri nilivyoweza. Miaka mitatu ya kwanza walicheza katika ukumbi wa gwaride wa kikosi cha London Scottish. Mwaka 1902 walikwenda Crystal Palace, lile jumba la vioo. Kuanzia 1903 hadi 1909 walikuwa katika ukumbi wa kikosi kingine cha askari, London Rifle Brigade, mtaa wa Bunhill Row. Kisha mwaka 1910 wakahamia Westminster, katika ukumbi uliojengwa kwa maonyesho ya maua na bustani, wakakaa hapo hadi 1939. Kutoka gwaride hadi maua. Milima yetu ya Uluguru ina jamaa zake yale maua madogo ya urujuani ambayo Mjerumani aitwaye Saint Paul aliyachukua Usambara na kuyapeleka Ulaya, na ambayo leo hupandwa katika vikopo kwenye madirisha ya dunia nzima. Naam, maua husafiri kirahisi.

Nilipoanza kuisoma orodha ile nilikuwa na tabia ya kialimu: niliandika pambizoni, kwa kalamu ya risasi, mambo ya kwetu kando ya miaka yao. Kando ya 1905, mwaka ambao Henry Marrett alitwaa taji kwa mara ya pili, niliandika “Maji Maji yaanza, Matumbi.” Kando ya 1907, mwaka wa Norman Wood na Meriel Lucas, niliandika “Reli yafika Morogoro.” Reli ile ndiyo iliyoleta maduka, na katika maduka yale ndimo baadaye lilimokuwamo la vitambaa, la baba yake rafiki yangu. Kando ya 1911 sikuwa na la kuandika, lakini bingwa wa mwaka huo ananifurahisha. Aliitwa Sautter, mtu mwenye asili ya Uswisi, naye alizoea kujiandikisha kwa jina la bandia, U. N. Lapin. Kwa Kifaransa maneno hayo ni “sungura mmoja.” Fikiria: miongoni mwa makabaila na maofisa, Sungura amejipenyeza, ameshinda, ameondoka na kikombe. Bibi yangu angeisimulia hadithi hiyo bila kubadili kitu ila mavazi.

Halafu ukaja mwaka 1914. Mwanzoni mwa mwaka ule, katika ukumbi wa maua, Sungura huyo huyo alishinda kwa wanaume na Lavinia Radeglia kwa wanawake. Kwa mchanganyiko alishinda Bibi Hazel Hogarth pamoja na mtu mmoja aitwaye George Thomas, ambaye nitamrudia. Miezi hiyo hiyo huku kwetu Wajerumani walifikisha reli Kigoma, na walikuwa wametangaza maonyesho makubwa Dar es Salaam, yafanyike Agosti, kuisherehekea. Yaani kule watu walikunja wavu wakaagana mpaka mwakani, na huku watu walikuwa wakitengeneza mapambo.

Baada ya hapo orodha ina mistari mitano. 1915, kistari. 1916, kistari. 1917, kistari. 1918, kistari. 1919, kistari.

Kando ya vistari vile niliandika machache tu: “Vita. Smuts aingia Morogoro, 26 Agosti 1916.” Niliridhika. Hiyo ndiyo historia niliyoijua na niliyoifundisha: Jenerali Smuts ameuteka mji, von Lettow-Vorbeck amerudi nyuma kuelekea kusini, akiizunguka milima, mapigano ya Kisaki mwezi Septemba, kisha Rufiji na mvua zake. Mwanafunzi aliyejibu hivyo nilimpa vema.

Mwaka 1975 nilikwenda Mgeta kumtazama mjomba. Alikuwa amestaafu zamani, macho yake yakiwa bado mazima na magoti yamekwisha. Nilichukua kijitabu ili nimchekeshe, nimkumbushe ule ukumbi na madirisha yaliyofungwa. Tukaketi nje. Hakujua Kiingereza, lakini tarakimu alizijua vizuri, maana pale klabuni yeye ndiye aliyehesabu chupa. Alipitisha kidole ukurasani mpaka kikasimama.

“Hapa wamekosa nini, mpwa wangu?”

“Vita, mjomba. Hawakucheza.”

Alikaa kimya. Nilidhani amesinzia.

“Wao,” alisema, “walikuwa na mahali pa kuandika kwamba hawakucheza.”

Ndipo aliponisimulia habari za mjomba wake yeye, ambaye jina lake ndilo alilorithishwa, kwa kuwa kwetu jina la ukoo haliachwi likalala chini. Kijana huyo alichukuliwa mwaka wa kuja Waingereza, akabebeshwa sanduku la risasi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo ishirini na tano au zaidi. Aliteremka na wenzake upande wa Kisaki, na huo ndio ukawa mwisho wa habari zake. Hakukuletwa nguo, hakukuletwa neno. Mama yake alikataa matanga kwa miaka miwili kwa sababu hapakuwa na wa kuthibitisha kifo. Bibi yangu alikuwa akisema ni Wajerumani waliomchukua. Mjomba alishikilia kuwa ni Waingereza. Pande zote mbili zilikamata watu, na zote mbili ziliwapoteza kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na jeshi hilo la wabebaji, na kila siku tunaliita jina hilo tukienda kununua nyanya.

“Andika,” mjomba aliniambia.

“Niandike nini?”

“Jina. Hapo penye nafasi.”

Nilimweleza kwa upole kwamba hii ni orodha ya mabingwa wa mchezo. Nilikuwa mwalimu, na nilikuwa na heshima ya kijinga kwa kitu kilichopigwa chapa.

“Alibeba sanduku kutoka hapa mpaka Kisaki,” alisema. “Wewe unataka bingwa wa nini tena?”

Niliandika. Kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo, juu ya kistari cha 1916.

Sina ugomvi na wachezaji wale. Vijana wa kizazi chao walikufa kwa maelfu katika mahandaki ya Ufaransa, na mashindano hayakusimamishwa kwa mzaha. Yalirudi mwaka 1920, na waliorudi hawakuwa wote vijana. George Thomas, aliyeshinda mchanganyiko kwa mara ya kwanza mwaka 1903 akiwa na Ethel Thomson, sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, na mwaka huo ndipo alipopata taji lake la kwanza la mmoja mmoja. Akalishika miaka minne mfululizo. Kwa jumla alitwaa mataji ishirini na moja ya All England. Alikuwa pia bingwa wa sataranji, na mama yake kabla yake: Lady Thomas alishinda mashindano ya wanawake ya sataranji huko Hastings mwaka 1895. Mluguru hatashangaa. Akili ya mtoto hutoka kwa akina mama.

Lakini anayenijia akilini zaidi ni Lavinia Radeglia. Alishinda mwaka 1913 na 1914. Kisha vistari. Kisha akaja Kitty McKane, binti hodari kweli kweli, aliyekuja kushinda Wimbledon mara mbili, akachukua miaka mitatu ya kwanza. Na mwaka 1923, miaka tisa tangu ushindi wake wa mwisho, jina la Radeglia linaonekana tena. Nimelitazama jina hilo mara nyingi. Kuna watu waliopewa nafasi ya kuendelea walipoachia, hata kama vita viliwala miaka yao mizuri.

Yaliyofuata wapenzi wa mchezo wanayajua. Mwaka 1934 liliundwa shirikisho la kimataifa, likiwa na wanachama tisa, na George Thomas akawa rais wake. Alitoa kombe kwa ajili ya timu za mataifa; Vita ya Pili ikalichelewesha, na liliposhindaniwa hatimaye mwaka 1949 lilichukuliwa na Malaya, nchi iliyokuwa bado chini ya Waingereza wenyewe. Mwaka uliofuata Wong Peng Soon wa Malaya akawa Mwasia wa kwanza kushinda All England kwa wanaume. Wenye ukumbi walikuwa wamefundisha mchezo vizuri mno.

Mwaka 1980 nilipata kadi ya posta kutoka kwa rafiki yangu, ya kwanza baada ya miaka minne. Upande mmoja picha ya daraja lenye theluji. Upande wa pili mstari mmoja, kwa Kiswahili cha Morogoro: “Padukone amechukua. Mhindi! Ongeza kwenye kitabu.” Kijitabu changu kinakoma katika miaka ya 1960, kwa hiyo niliongeza kwa mkono chini kabisa ya ukurasa: 1980, Prakash Padukone, India. Huyo nilimwandika kwa wino.

Mjomba alifariki mwaka 1983. Klabu ile siku hizi haina wavu; mara ya mwisho nilipopita ukumbini palikuwa na viti vya plastiki vya harusi, vimepangwa vinne vinne hadi darini, na madirisha ya upande wa mlima yalikuwa wazi.

Jina la 1916 limefifia sana. Mjukuu wangu, anayesoma sekondari, alinishauri nilipitishie kalamu ya wino kabla halijapotea. Nilimpa kalamu nikamwambia alipitishie yeye, maana jina ni la ukoo wetu. Alikichukua kijitabu akakipeleka mezani penye mwanga, akainama, akasoma kwa muda mrefu.

“Babu,” akasema, “hii herufi ya tatu ni nini?”

Nikainuka kwenda kumwonyesha.